Nani Hutunza Taarifa za Jengo? Ndiva, Michoro na Modeli za Kompyuta katika Msangeni, Upare Kaskazini

Kata ya Msangeni iko Ugweno, katika sehemu ya kaskazini ya Milima ya Upare, wilayani Mwanga. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 1979, wilaya ya zamani ya Pare ilipogawanywa kuwa Same na Mwanga. Mtafiti wa modeli za taarifa za majengo hatarajiwi kuanzia huko. Kazi nyingi zinazohusu teknolojia hiyo huanzia Dar es Salaam, katika ofisi za wabunifu majengo na miradi ya maghorofa, na huuliza kwa nini wataalamu wa Tanzania wanachelewa kuipokea. Swali hilo lina kasoro, kwa kuwa huchukulia kwamba kabla ya programu hapakuwa na utaratibu wa kutunza taarifa za ujenzi. Insha hii inadai kwamba utaratibu ulikuwepo, kwamba ulidhoofishwa kwa hatua zinazoweza kufuatiliwa, na kwamba tatizo ambalo leo huelezwa kwa lugha ya kompyuta, yaani mifumo kutosomana, lilifika milimani kabla ya kompyuta zenyewe.

Ushahidi mkuu ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa katika njia ya mfereji. Maji ya kijito, ambayo yakiachwa yatiririke ni machache mno kufika mwisho wa mashamba, hukusanywa humo usiku kucha. Asubuhi mdomo wa bwawa hufunguliwa, na maji hutoka kwa wingi unaotosha kumwagilia kwa zamu. Ukoo ulioanzisha ndiva ulikuwa na haki ya kwanza na pia wajibu wa kwanza. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ameonyesha jinsi utawala wa Ugweno ulivyofungamana na koo na nguvu zao. Ndiva haiwezi kueleweka nje ya mfungamano huo.

Taarifa zilizohitajika kuijenga na kuitunza si chache. Ilipasa ijulikane udongo mgumu unaanzia kina gani, mfereji unapita wapi bila kumomonyoa ukingo, maji ya ziada yatoroke upande upi, tope litolewe lini, na nani aruhusiwe kugusa mdomo. Hakuna kati ya hayo kilichochorwa. Yalihifadhiwa katika kazi yenyewe. Kila msaragambo wa kuondoa tope ulikuwa pia upimaji upya wa bwawa: kijana aliyesimama ndani yake na jembe alijifunza kina, mteremko na mahali penye udhaifu, tena mbele ya wazee waliojua sababu. Mchoro wa ndiva, kwa maneno mengine, ulisasishwa kila ndiva iliposafishwa.

Utaratibu huo haupaswi kupambwa. Michael Sheridan, aliyechunguza umwagiliaji wa Upare Kaskazini, ameonyesha kwamba mabanio ya maji yalifasiriwa kwa lugha ya mwili na uzazi, na kwamba tafsiri hiyo iliambatana na mamlaka. Si kila mtu aliruhusiwa kujua kila jambo. Mzee akifa kabla ya kurithisha, sehemu ya kumbukumbu ilikufa naye. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa wazi: aliyetunza taarifa, aliyezitumia na aliyewajibika kwa kosa waliishi mteremko mmoja na walifahamiana.

Mkusanyiko huo ulianza kulegea kwa sheria kabla ya kulegea kwa saruji. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa dola, na mwaka 1991 ilianzishwa ofisi ya bonde la Pangani, ambamo kibali cha maji kikawa karatasi yenye namba. Wakati huohuo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, programu ya kuboresha umwagiliaji wa asili iliyosaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi ilifanya kazi katika milima hii. Baadhi ya ndiva zilisakafiwa kwa saruji na mabanio yakajengwa upya. Uvujaji ulipungua, na kwa mkulima wa mahindi na maharage hilo si jambo dogo.

Lakini ukuta wa saruji huficha kile ambacho ukingo wa udongo hukionyesha. Mzee aliyezoea kusoma unyevu nje ya ukingo na kutambua bwawa linaanza kuvuja wapi, hakuwa na alama za kusoma juu ya plasta. Alama sasa zilikuwa katika mchoro: unene wa sakafu, uwiano wa zege, nafasi ya nondo, kimo kwa mita. Mchoro ni mali ya mradi, na mradi una mwisho. Mhandisi akihamishwa na faili likibaki kabatini mjini, ndiva hubaki na watumiaji wasioweza kusoma taarifa zake, na ofisi hubaki na taarifa za ndiva isiyoitembelea. Hapo ndipo mgawanyiko unaohusu insha hii ulipozaliwa: pande mbili zina maarifa ya kitu kimoja kwa lugha mbili, na hakuna mkalimani aliyeajiriwa.

Nchi zenye viwanda ziligundua mgawanyiko wa aina hiyo ndani ya ofisi zao wenyewe. Mwaka 1975 Charles Eastman, nchini Marekani, alipendekeza kompyuta ihifadhi maelezo ya jengo zima badala ya michoro inayojirudia na kupingana. Soko lilichukua njia fupi zaidi. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, iliharakisha uchoraji lakini mstari ulibaki mstari. ArchiCAD ya Hungaria na baadaye Revit, iliyotolewa mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002, zilifanya ukuta uwe ukuta: wenye unene, malighafi na gharama. Kila programu, hata hivyo, ilikuja na faili zake. Ili programu zisomane, muungano wa kampuni ulianza kuandaa muundo wa wazi, IFC, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997 na ambao mwaka 2013 ulikuwa kiwango kamili cha kimataifa. Hasara ya kutosomana ilikuwa imekwisha kupimwa: taasisi ya viwango ya Marekani, katika ripoti ya mwaka 2004, ilikadiria kuwa mwaka 2002 pekee majengo makubwa na viwanda vya nchi hiyo vilipoteza dola bilioni 15.8. Sehemu kubwa ya hasara hiyo iliangukia wamiliki na waendeshaji, yaani watu wanaobaki na jengo baada ya wajenzi kuondoka. Mtumiaji wa ndiva asingeshangaa.

Tanzania, mwaka huohuo wa 1997, ilikuwa ikipanga upya sekta yake kwa namna nyingine. Sheria Na. 15, 16 na 17 ziliweka bodi tatu: ya wahandisi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ya makandarasi. Kila bodi ina daftari lake, na kila mtaalamu huwajibika kwa karatasi aliyoitia saini na muhuri. Mpangilio huo ulileta nidhamu iliyohitajika sana. Lakini modeli ya pamoja humlazimisha mbunifu, mhandisi na mkadiriaji kufanya kazi ndani ya taarifa moja, na sheria zilizojengwa juu ya mihuri tofauti hazisemi nani anawajibika pale mhandisi anaposogeza nguzo na idadi ya nondo ikabadilika kwenye makadirio ya mwenzake. Uhaba wa leseni na bei zake hutajwa mara nyingi kama kikwazo cha kwanza. Ni kikwazo cha kweli, ila kinatatulika kwa fedha. Swali la muhuri halitatuliki hivyo.

Msangeni hukutana na historia hii kupitia shule kuliko kupitia maghorofa. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 nchini kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Miradi ya namna hii huendeshwa kwa fosi akaunti: ramani ya pamoja hutoka juu, fedha huingia akaunti ya shule, kamati hununua vifaa na fundi wa karibu hujenga chini ya usimamizi wa mhandisi wa halmashauri. Ramani moja ikitumika katika tambarare ya Kileo na katika mteremko wa Ugweno, msingi hauwezi kuwa mmoja. Fundi wa milimani hukata kilima, huinua msingi upande wa bondeni, huongeza mawe, hubadili njia ya maji ya mvua. Marekebisho hayo ndiyo hufanya darasa lisimame. Yasiporudishwa katika ramani, jengo lililopo na jengo lililochorwa huwa majengo mawili, na mhandisi atakayekuja kuongeza chumba miaka kumi baadaye atarithi lile ambalo halikujengwa.

Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, umeweka zabuni mtandaoni, na agizo la mifumo ya Serikali kusomana limerudiwa mara nyingi. Kinachosomana humo ni fedha, mikataba na wazabuni. NeST ilibuniwa kusimamia ununuzi, si kubeba kina cha msingi.

Chini ya milima, mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya takriban muongo mmoja wa ujenzi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefukiwa: mabomba, viungio, vali. Haionekani kwa macho kama ukingo wa udongo ulivyoonekana, na hakuna msaragambo utakaoipima upya kila mwaka. Watakaoitengeneza itakapopasuka watategemea faili, na programu itakayoweza kulifungua wakati huo.