Vidonda vya tumbo: Utafiti uliobadilisha matibabu

KWA miaka mingi, aliyeugua vidonda vya tumbo alionekana kuwa amejiletea maradhi hayo mwenyewe. Alilaumiwa kwa kula pilipili, kushinda njaa au kuwa na mawazo mengi.

Madaktari nao waliamini kuwa chanzo kilikuwa asidi kuzidi tumboni, wakampa dawa za kuipunguza. Maumivu yalitulia, lakini dawa zilipokoma, mara nyingi vidonda vilirejea. Baadhi ya wagonjwa walimeza dawa hizo miaka nenda miaka rudi, na wengine wakapasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo.

Imani hiyo ilianza kutikisika mwaka wa 1979 katika Hospitali ya Royal Perth nchini Australia. Daktari Robin Warren, aliyekuwa akichunguza kwa hadubini vipande vya nyama kutoka kwa ukuta wa tumbo la wagonjwa, aliona humo bakteria wenye umbo lililopinda. Wengi walishuku, kwani ilidhaniwa kuwa bakteria hawawezi kustahimili asidi ya tumboni.

Mwaka wa 1981 daktari kijana, Barry Marshall, alijiunga naye. Mwaka uliofuata waliwachunguza wagonjwa 100, lakini kila walipojaribu kuwakuza bakteria hao maabarani walishindwa. Sahani za majaribio zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa likizo ya Pasaka mwaka wa 1982, sahani moja iliachwa kwa siku kadhaa zaidi, na bakteria wakaonekana. Kumbe walikuwa wakikua polepole. Leo wanajulikana kama Helicobacter pylori.

Matokeo ya uchunguzi huo, yaliyochapishwa mwaka wa 1984, yalionyesha kuwa wagonjwa wote 13 wenye vidonda kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba walikuwa na bakteria hao. Hata hivyo, wakosoaji walihoji iwapo bakteria ndio walioleta maradhi au walifuata tu palipokwisha kuharibika.

Mwaka huo huo, Marshall alikunywa maji yaliyojaa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ukuta wa tumbo lake ulikuwa umepata uvimbe. Hakupata kidonda, lakini ilidhihirika kuwa bakteria hao wanaweza kudhuru tumbo lenye afya.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na utafiti wa wagonjwa 100 uliochapishwa mwaka wa 1988. Miongoni mwa waliopona vidonda huku bakteria wakisalia mwilini, asilimia 84 waliugua tena katika muda wa mwaka mmoja. Kwa wale ambao bakteria wao waliangamizwa, ni asilimia 21 pekee waliougua tena. Mnamo 2005, Warren na Marshall walituzwa Nobel ya Tiba.

Bakteria hawa hutengeneza kemikali inayopunguza makali ya asidi inayowazunguka, kisha hujificha ndani ya ute unaokinga ukuta wa tumbo. Wengi walio nao hawaugui kamwe. Lakini kwa wengine kinga hiyo hudhoofika, asidi ikapenya na kuchimba kidonda. Tangu 1994, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limewaorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani.

Chanzo kingine kikuu ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hasa zikitumiwa kwa muda mrefu. Pilipili inaweza kumwongezea mgonjwa kiungulia, lakini si chanzo cha vidonda.

Kwa hivyo, anayenunua dawa za kupunguza asidi kila mara bila kupimwa huenda anatuliza maumivu tu huku chanzo kikisalia. Bakteria hugunduliwa kwa kupima pumzi au choo, au kwa kuingiza kamera tumboni kupitia kinywani. Kabla ya kupimwa, ni muhimu kumwambia daktari dawa zote zinazotumiwa, kwani dawa za asidi na antibiotiki zinaweza kuficha bakteria.

Tiba huchanganya dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki mbili au zaidi, na aghalabu huchukua siku 14. Usugu wa bakteria dhidi ya baadhi ya antibiotiki umeongezeka, hivyo kukatiza dozi ni hatari. Angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa, mgonjwa hupimwa tena kuthibitisha kuwa bakteria wameangamia.

Anayetapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu au kushindwa kumeza chakula anapaswa kufika hospitalini bila kukawia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.