Amri ya Kuzuia, na Jina la Mlima

Wasikilizaji wangu, mtu apitaye katika vihamba vya Marangu au Machame huona majani ya sale yamepandwa mipakani. Sale halina miiba. Lakini kila Mchagga ajua maana yake: hapa ni mwisho wa kwako. Jioni hii nataka kuwaeleza habari ya mpaka mwingine, uwekwao na korti baina ya wafanya biashara, nao huitwa amri ya kuzuia.

Asili yake kwetu ni Uingereza. Karibu na Paisley, katika nchi ya Skoti, palikuwa na mahali padogo paitwapo Glenfield. Wotherspoon aliuza wanga wa kukazia nguo kwa jina la mahali hapo, hata ukajulikana sana. Kisha akahamisha kazi yake, na jina akaenda nalo. Ndipo mtu mwingine, Currie, akaanza kutengeneza wanga papo hapo Glenfield, naye akautangaza kwa jina hilo. Je, alisema uwongo? Wanga wake ulitoka Glenfield kweli! Walakini mwaka 1872 Baraza la Malodi lilimzuia, kwa kuwa mnunuzi akisikia neno Glenfield hakufikiri mahali, alifikiri wanga wa yule wa kwanza. Mimi sijaona shauri lionyeshalo wazi zaidi jinsi neno la kweli liwezavyo kudanganya.

Sheria za Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zilitiwa nguvu katika Tanganyika, na tarehe hiyo ingali yatajwa katika sheria za Tanzania. Miaka mitano baadaye, 1925, wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa; na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa K.N.C.U., uliokusanya kahawa ya vihamba vingi na kuiuza pamoja. Tangu hapo jina la mlima likawa kama ghala la watu wengi. Mtu akitia buni ya mahali pengine ndani ya gunia na kuandika Kilimanjaro juu yake, apunguziwaye bei ni mama wa Kibosho aliyechuma matunda mekundu moja moja, wala hajui kwa nini.

Kwa hiyo korti yaweza kuzuia hata kabla ya kutoa hukumu. Haifanyi hivyo kwa wepesi. Katika shauri la Atilio na Mbowe, mwaka 1969, ambalo halikuhusu kahawa, Jaji Mkuu Georges aliweka mambo matatu ya kupimwa: kwamba pana neno zito la kuamuliwa, na mdai aelekea kushinda, kwamba asipokingwa sasa huenda akapata hasara isiyolipika, na kwamba akinyimwa amri ataumia kuliko mwenzake atakavyoumia akizuiwa. La pili ndilo gumu. Magunia yaliyopotea huhesabiwa. Mnunuzi aliyekwisha kuondoa imani yake atahesabiwaje?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekwenda mbele zaidi: yakataza katika biashara mwenendo upotoshao, na hata ule uelekeao kupotosha tu. Haitoshi, basi, mwuzaji kusema hakukusudia. Wala jina la Kilimanjaro halikuwa mali ya mtu mmoja. Mwenye kihamba cha Rombo aweza kulitumia sawasawa na wa Machame, na korti itauliza tu mnunuzi alielewa nini alipolisoma juu ya gunia.