Akritarki

Akritarki ni kisukuku kidogo mno cha kiumbe wa majini mwenye ganda gumu la ogani, asiyejulikana ni wa jamii gani. Jina hilo lilitungwa mwaka 1963 na Mmarekani William Evitt kutokana na Kigiriki: asili isiyo na hakika. Wataalamu huamini kwamba nyingi zilikuwa planktoni.

Neno hili linahitajika hasa Katanga. Mgodi wa shaba wa Kinsevere, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, umechimbwa katika miamba ya kundi la Roan, iliyotandazwa baada ya graniti ya Nchanga, Zambia, yenye umri wa miaka milioni 880 hivi. Spora za mimea ya nchi kavu huanza kuonekana katika miamba ya miaka milioni 470 tu iliyopita. Kuzitafuta Roan ni kazi bure; visukuku vidogo vya kutafutwa humo ni akritarki.

Ili kupata akritarki, mwamba huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki. Madini huisha, maganda hubaki, kisha husomwa kwa hadubini. Aina iliyoishi kwa kipindi fulani tu hubainisha umri wa tabaka. Mfano bora nchini Kongo ni miamba ya Mbuji-Mayi, huko Kasai, ilikopatikana *Trachyhystrichosphaera aimika*, akritarki yenye vijimirija ambayo ni alama ya enzi ya karibu miaka bilioni moja iliyopita. Ni ushahidi wa thamani kubwa, kwani tabaka nyingi za kale hazina kisukuku kinachoonekana kwa macho.

Joto kali huyafanya maganda kuwa meusi na kuyaharibu. Miamba ya Katanga ilikunjwa na kupashwa joto milima ya Lufili ilipoinuka, hivyo huko umri hupimwa zaidi kwa urani na risasi ndani ya madini ya zirkoni.