Mbwa wa Kutwa, Mbwa wa Bweni

Mbwa haingii Magic Kingdom. Haingii Epcot, wala Universal ng'ambo ya mji, isipokuwa mbwa wa aina moja ambaye nitamfikia baadaye. Familia iliyotoka Atlanta kwa gari, kilomita 700 hivi, mbwa akiwa kiti cha nyuma pamoja na watoto, ikifika Orlando lazima iamue mbwa atakaa wapi wakati wao wako kwenye bembea na magurudumu ya angani. Garini hakai. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa takriban nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na majira ya joto ya Florida hewa ya nje peke yake hupita nyuzi 30. Tangu 2016 sheria ya jimbo hilo inamkinga mpita njia anayevunja kioo ili kumwokoa mtu au mnyama aliye hatarini ndani ya gari, mradi afuate masharti yake.

Kwa hiyo mbwa huachwa mahali, kwa malipo. Mahali hapo paitweje kwa Kiswahili? Swali hili linawahusu Waswahili wengi walioko Marekani, ambao watoto wao wanataka mbwa na wanataka Disney pia. Linawahusu vilevile wafasiri wanaoandika vipeperushi, na sisi tunaopenda maneno. Mimi naliona kuwa swali la pesa kwanza. Katika biashara hii jina la huduma ndilo linaloamua utalipa nini, na mbwa atapata nini.

Neno istilahi lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na ni ndugu wa suluhu na maslahi. Asili yake ni kupatana: watu wameketi wakakubaliana kwamba neno hili litabeba maana hii baina yao. Orodha ya bei iliyobandikwa mapokezini nayo ni mapatano. Neno likiwa legelege, upande mmoja huumia, na katika biashara hii mmoja wa wanaoumia hana mdomo wa kulalamika.

Tuanze na tulichonacho. Msamiati wetu wa makazi ya wanyama ni mpana. Ng'ombe ana zizi, kuku ana kizimba, ndege ana tundu, na mbwa ana banda. Lakini msamiati wa mbwa umeishia uani. Pwani, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa amekuwa mlinzi wa lango au mwenzi wa mwindaji, akalala nje. Bara nako kwa sehemu kubwa ni hivyo hivyo. Familia ya Nairobi ikienda Mombasa kwa Krismasi, mbwa huachiwa mlinzi au dada wa kazi, na unga na mifupa vikaachwa jikoni. Kitenzi cha jambo hili ni kuachia: nimemwachia Juma mbwa wangu. Hapo hapana mkataba wala risiti, pana hisani na bahasha ndogo ukirudi. Istilahi haikuhitajika kwa sababu hapakuwa na ankara.

Kule Marekani ankara ilikuja mapema. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, na kabla muongo huo haujaisha tayari palikuwa na mahali pa kuacha mbwa karibu na lango, pakidhaminiwa na kampuni ya chakula cha mbwa ya Ken-L Ration. Walt Disney World nayo, iliyofunguliwa Florida Oktoba 1971, iliendelea kwa miaka mingi kuwa na mabanda kwenye malango ya bustani zake. Mwaka 2010 mabanda hayo yalifungwa, na kazi yote ikahamia kwenye kituo kimoja kikubwa cha kampuni ya Best Friends, ndani ya eneo la Disney lakini mbali na malango. Faida ya kituo ni nafasi na wahudumu. Hasara yake ni kwamba baba aliyekuwa akitoka langoni saa saba mchana kumtazama mbwa wake kwa dakika chache, sasa lazima arudi kwenye gari aendeshe. Hivi ndivyo urahisi na bei vinavyovutana katika shughuli hii.

Neno banda linafaa kwa yale mabanda ya langoni, na silioni kuwa la kudharau. Banda ni paa, kuta na mlango, na anayelipia banda anajua amelipia hivyo. Universal Orlando mpaka leo huduma yake ni ya namna hiyo: mahali pa mbwa kwenye jengo la maegesho, pa mchana tu, mbwa halali. Chakula unakuja nacho mwenyewe, na kumtoa akanyooshe miguu ni juu yako. Familia ikishafika ndani kabisa ya bustani, kwenda na kurudi maegesho katikati ya mchana huku foleni zikirefuka ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote.

Katika kumtenga mbwa wa mchana na mbwa anayelala ndipo Kiswahili, kwa maoni yangu, kina silaha kali kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja, boarding, ambalo hutumika kwa abiria anayepanda ndege, kwa mwanafunzi anayelala shuleni na kwa mbwa anayeachwa kituoni. Mfasiri asiyetulia anaweza kumpandisha mbwa ndege. Sisi tuna jozi ambayo kila mzazi wa Tanzania na Kenya anaijua kwa sababu ameilipia karo: kutwa na bweni. Shule ya kutwa, mtoto hurudi nyumbani jioni. Shule ya bweni, hulala huko. Karo zake si sawa, mahitaji yake si sawa, na hakuna mzazi anayehitaji kufafanuliwa. Basi tuwe na mbwa wa kutwa na mbwa wa bweni. Mahali penyewe ni bweni la mbwa, na huduma ya mchana ni malezi ya kutwa.

Kutwa ni neno la kuliangalia kwa makini zaidi. Limetoka kwenye kuchwa, yaani jua kuzama; ndipo tukapata machweo, na ndipo tunasema mchana kutwa. Mbwa wa kutwa, kwa maana ya asili, ni mbwa anayechukuliwa jua likizama. Lakini bustani za burudani hazifungi magharibi. Fataki za Magic Kingdom hurushwa giza likishaingia, na mtoto aliyengoja mwaka mzima haondoki kabla ya fataki. Kwa hiyo mbwa wa kutwa huchukuliwa saa tatu au saa nne usiku, na vituo vingine vikishafunga mapokezi humhesabu kuwa amelala. Neno letu linamkumbusha mteja swali analotakiwa kuuliza kabla ya kutia sahihi: kutwa yenu inaisha saa ngapi? Nao mbwa wengi huogopa fataki, jambo ambalo mtu anayechagua banda la karibu na bustani anapaswa kulifikiria.

Neno siku lina mtego mkubwa kuliko huo. Mbwa aliyeletwa Ijumaa jioni akachukuliwa Jumapili asubuhi amekaa siku ngapi? Kwa hesabu ya kulala, amelala mara mbili. Kwa hesabu ya kalenda, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ni siku tatu. Vituo hutofautiana: vingine huhesabu kulala, vingine huhesabu kalenda, na vingine huhesabu kulala kisha huongeza kutwa ukichelewa kumchukua siku ya mwisho. Kama bei ingekuwa dola 50, tofauti ya hesabu hizo mbili ni dola 50 kwa mbwa mmoja, na familia yenye mbwa wawili ingelipa 100 zaidi bila mbwa kupata hata kijiko cha nyongeza. Napendekeza orodha za Kiswahili ziepuke kabisa siku katika safu ya bei. Ziandike kila kulala au kila kutwa.

Kuna jina jingine linalopendwa sana na matangazo: hoteli ya mbwa. Hili silipendi, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki hoteli ni mahali pa kula. Mtu akisema anakwenda hotelini saa sita, anakwenda kula ugali na maharage. Ya pili ni nzito zaidi. Mgeni wa hoteli ana ufunguo, hutoka apendapo, na chakula kisipompendeza hulalamika. Mbwa hana hata kimoja. Kituo kile cha Best Friends kilipofunguliwa kilitangaza vyumba vya hadhi ya juu vyenye televisheni bapa, biskuti ya kulalia na hadithi ya kusomewa kabla ya kulala. Sina shaka huduma hizo zinafanywa kwa moyo mwema, na sauti ya mtu aliyetulia karibu na mbwa mwenye upweke si kitu kidogo. Ila hadithi na televisheni zimewekwa kwa ajili ya mwenye mbwa, ambaye roho inamsuta kwa kumwacha. Bei hupanda hapo kwa sababu ya jina.

Bweni, kinyume chake, linamwongoza mteja kwenye maswali yenye maana. Mzazi anayepeleka mtoto bweni huuliza: nani analala nao usiku? Wanaamshwa saa ngapi? Akiugua mnampigia nani? Alete nini? Maswali hayo hayo ndiyo ya mbwa. Katika vituo vingi vya mbwa hakuna mtu usiku kucha; wahudumu hufunga jioni, hurudi alfajiri. Si lazima liwe kosa, lakini mwenye mbwa mzee au mbwa mwenye kifafa anapaswa kulijua, na neno hoteli halimfanyi aulize.

Na alete nini? Tazama mkoba wa mbwa ulioandaliwa na mtu mzoefu. Chakula chake cha nyumbani kimegawanywa kwenye vifuko vidogo, kila kifuko kimeandikwa asubuhi au jioni, kwa sababu mbwa akibadilishiwa chakula ghafla mara nyingi huharisha. Kuna blanketi ambalo halikufuliwa, kusudi linuke nyumbani. Kuna dawa zenye maelekezo, na juu ya yote karatasi ya chanjo: ya kichaa cha mbwa, za distempa na parvo, na ya kikohozi kinachosambaa upesi mbwa wanapokusanyika chini ya paa moja, ambacho bakteria wake mashuhuri ni Bordetella bronchiseptica. Kiingereza hukiita kwa jina la banda. Mimi ningekiita kikohozi cha bweni, na kila aliyewahi kulala bwenini ataelewa kinavyoenea. Karatasi hiyo ikikosekana mapokezini, mbwa hapokelewi, na likizo nzima inasimama. Vituo vingi pia hutaka chanjo iwe imechomwa siku kadhaa kabla ya kufika.

Ndani ya ankara kuna vitenzi, na vitenzi vyetu ni vizuri mno kuachwa. Kumtoa ni kumfungulia mlango ajisaidie. Kumtembeza ni kumshika kamba na kwenda naye. Kumchezesha ni kazi nyingine tena. Orodha nyingi za bei huvichanganya vyote kuwa shughuli, kisha mteja hudhani mbwa ametembezwa kumbe ametolewa. Anayetafsiri aandike kitenzi chenyewe na idadi: kutolewa mara nne, kutembezwa mara moja, kuchezeshwa kwa malipo ya ziada.

Wapo wasiotaka kuachana na mbwa wao hata kidogo. Kwa ajili yao Disney ilianza Oktoba 2017 kuruhusu mbwa, wasiozidi wawili kwa chumba, katika malazi manne ya Florida. Ada ilianza kwa dola 50 kwa chumba kwa kila kulala, na dola 75 kule Yacht Club. Jina la ada hiyo ni la kweli, nami nalisifu: ni ada ya usafi. Haimlishi mbwa wala haimtembezi. Mbwa akibweka chumbani utapigiwa simu, na lazima uweze kurudi upesi. Kwa hiyo anayelinganisha dola 50 za chumbani na dola 50 za bweni analinganisha ufagio na mlezi.

Sasa yule mbwa wa aina moja anayeingia. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya 1990, na kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011, humtambua mbwa aliyefunzwa kufanya kazi mahsusi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu: kumwongoza asiyeona, kumtahadharisha asiyesikia, kutambua mshtuko wa kifafa. Huyu huingia bustanini na halipiwi ada. Mbwa ambaye faida yake ni kuliwaza tu kwa kuwapo kwake hayumo, hata kama ana fulana na kitambulisho kilichonunuliwa. Kiingereza hutumia majina yanayofanana mno, na watu hugombana malangoni. Tunaweza kuyatenga tangu mwanzo: mbwa msaidizi kwa wa kwanza, mbwa wa faraja kwa wa pili. Msaidizi ana kazi. Faraja ni hisia, na sheria hii haiitambui kuwa kazi.

Ombi langu ni kwa vyombo vya Kiswahili vya Tanzania, BAKITA na TATAKI, na kwa kila mfasiri anayepokea kazi ya namna hii: bweni na kutwa viingizwe rasmi kwenye orodha za istilahi za huduma za wanyama, pamoja na mbwa msaidizi na mbwa wa faraja. Theme park iitwe bustani ya burudani, na neno hifadhi liachiwe Serengeti na Tsavo. Nawe ndugu uliyeko Georgia au Texas unayefunga mizigo kwa ajili ya Orlando, piga simu bwenini kabla hujaondoka, uulize kutwa yao inaisha saa ngapi na nani analala na mbwa usiku.