Teke la Alinacha: ndoto za mchana katika historia ya hadithi fupi

Mgombea akiahidi barabara ya lami hadi kwenye kila boma, wapinzani wake humjibu kwamba hizo ni ndoto za Alinacha. Timu inayoburura mkia ikitangaza kuwa mwakani itabeba kombe, mchambuzi wa redioni naye hulitoa jina hilohilo. Limezoeleka mno, hata wengi wanaolitaja hawakumbuki tena kwamba Alinacha ni mtu wa hadithini, mwenye mji wake, ndugu zake na biashara yake.

Mji ni Baghdad, na Alinacha ni ndugu wa tano wa yule kinyozi mpayukaji wa Alfu Lela Ulela. Baba yao aliacha dirhamu 700, ndugu saba wakagawana mia mia. Alinacha, mvivu wa kupindukia, hakujua fungu lake alifanyie nini. Mwishowe akanunua vyombo vya kioo, akavipanga kapuni, akakaa sokoni akiuegemea ukuta. Mteja hajafika, mawazo yamekwisha kuondoka. Mia itazaa mia mbili, mia mbili itazaa mia nne, hadi aache vioo auze johari na manukato. Atajenga jumba, atanunua watumwa na farasi, kisha atamposa binti wa waziri. Usiku wa harusi hatamtazama hata usoni. Bibi harusi atasimama mbele yake akimwomba apokee kikombe, naye kwa kiburi atampiga teke, hivi! Mguu wa ndotoni ukawa mguu wa kweli. Kapu likaruka, vyombo vyote vikawa vigae barabarani, na fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa akisikia kila neno, akaangua kicheko.

Kisa hiki ni kikongwe kuliko Baghdad yenyewe. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa visa vya Kihindi ulioandikwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, yumo Brahmini fukara aliyeombaomba unga wa shayiri hadi mtungi ukajaa. Aliutundika kwenye kigingi, akalala chini yake akiukodolea macho. Njaa ikiingia nchini, unga ule atauuza kwa fedha nyingi, anunue mbuzi wawili. Mbuzi watazaa, atapata ng'ombe, kisha nyati wa kufuga, kisha farasi, kisha dhahabu. Atapewa mke, mke atamzalia mwana, na mwana ameshapewa jina, Somasharman. Mtoto atatambaa kuelekea zizi la farasi, mama yake ameshikwa na kazi hasikii anapoitwa, na hapo mume atainuka amtie teke. Mtungi ukapasuka, Brahmini akageuka mweupe kichwa hadi miguu.

Katika karne ya 6, enzi ya mfalme Khosrow Anushirvan, kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiajemi cha Kati. Karne mbili baadaye Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu safi kuliko Waarabu wengi wa wakati wake, akakitia katika lugha hiyo kwa jina la Kalila na Dimna. Yeye mwenyewe hakuzeeka. Aliuawa Basra kwa fitina za watawala kabla hajafika mbali katika umri wa utu uzima. Kwake Brahmini amekuwa mtawa, na unga umekuwa samli na asali. Badala ya teke kuna fimbo: mtawa anajiona akimtia adabu mwanawe ambaye hajazaliwa, anaiinua, anauvunja mtungi, na asali inamchuruzika.

Mwenye kuvisoma visa hivi vitatu pamoja atagundua jambo ambalo wafasiri wa maadili hulipita haraka. Husemwa kwamba kosa la mwotaji ni kuhesabu mali asiyokuwa nayo. Lakini tazama ndoto inavunjikia wapi. Haivunjiki kwenye mbuzi wala kwenye farasi. Inavunjika pale mwotaji anapokwisha kuwa tajiri na kupata mtu wa kumpiga: mke, mwana, binti wa waziri. Wanyonge hawa watatu hawakuota dunia isiyo na mabwana. Waliota kuwa mabwana wenyewe, na kilichowaponza ni mkono na mguu wa ubwana.

Ufaransa ilimpokea mwotaji huyu kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa tafsiri za Kilatini zilizotokana na Kalila na Dimna. Mwaka 1678 Jean de La Fontaine alitoa mkusanyiko wake wa pili wa ngano kwa ushairi, na ndani yake yumo Perrette, mwanamke anayekwenda mjini na mtungi wa maziwa kichwani. Maziwa atayauza anunue mayai, mayai yatakuwa kuku, kuku watakuwa nguruwe, nguruwe atakuwa ng'ombe na ndama wake. Akimwona ndama anavyorukaruka, naye anaruka kwa furaha, na maziwa yanamwagika. Perrette hampigi mtu yeyote. Kipigo kiko nje ya ndoto, nyumbani, kwa mume anayekwenda kumwomba radhi huku akihofia kupigwa. Na La Fontaine hamcheki. Anaungana naye, akikiri kwamba hata yeye akiwa peke yake huwaangusha wafalme na kuvishwa mataji, mpaka kitu kidogo kimrudishe katika hali yake ya kawaida. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwandishi alipoacha kusimama upande wa fundi cherehani anayecheka.

Mwaka 1870 mtaalamu wa lugha Max Müller alitoa mhadhara mjini London kuhusu uhamaji wa ngano, akamfuata Perrette kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa Brahmini wa mtungi wa unga. Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, Edward Steere alichapisha ngano za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, chenye urafiki wa kima na papa, kisa ambacho nacho kinatoka Panchatantra. Kumbe wakati Müller akieleza jinsi ngano za Kihindi zilivyofika Ulaya, wasimulizi wa Unguja walikuwa nazo siku nyingi, zimekuja kwa majahazi bila mhadhara wowote. Alfu Lela Ulela yenyewe ilitafsiriwa kwa Kiswahili enzi ya Waingereza, na Alinacha akapata uraia kabisa.

Ngano ilikuwa na kazi moja, kufundisha. Hadithi fupi ya magazeti na majarida, iliyostawi katika karne ya 19, ilikuwa na msomaji wa aina nyingine: karani, mwalimu, mtumishi wa mjini anayeishi chumba cha kupanga na kurudia kazi ileile kila siku. Huyu hakuhitaji kuonywa asiote. Ndoto ndiyo ilikuwa mapumziko yake.

Warusi walilitambua hilo mapema. Mwaka 1835 Nikolai Gogol aliandika juu ya mchoraji wa St. Petersburg anayempenda mwanamke aliyemwona barabarani, akagundua kuwa ni kahaba, kisha akatumia kasumba ili aendelee kumwota akiwa msafi. Mchoraji huyo anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1848 Fyodor Dostoevsky akamtoa kijana mpweke wa jiji hilohilo, asiye na rafiki ila nyumba anazozipita njiani, ambaye anapata usiku chache tu za mazungumzo na msichana kabla msichana huyo hajarudi kwa mchumba wake. Nchini Marekani, Ambrose Bierce alichapisha katika gazeti la San Francisco mwaka 1890 hadithi ya mtu anayenyongwa darajani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kamba inakatika, anaogelea, anakimbia msituni, anamfikia mkewe mlangoni, na hapo msomaji anatambua kwamba kamba haikukatika hata kidogo. Bierce alikuwa amepigana vita hivyo, na hakuwa mtu wa kuwapa wasomaji wake faraja.

Desemba 1907 Sigmund Freud alizungumza mjini Vienna, katika ofisi za mchapishaji na muuza vitabu Hugo Heller, kuhusu waandishi na ndoto za mchana. Alidai kwamba mtu aliyeridhika haoti mchana, anayeota ni mwenye upungufu. Akaongeza kwamba mwandishi naye ni mwotaji, ila ana ufundi wa kuipamba ndoto yake hata wengine waifurahie bila kuona haya. Nusu ya pili ya dai hilo naikubali. Ya kwanza naitilia shaka, kwa sababu watoto walioshiba na kupendwa huota kutwa nzima.

Katherine Mansfield, mzaliwa wa New Zealand, hakuhitaji nadharia. Hadithi yake ya Miss Brill ilitoka mwaka 1920, akiwa tayari anaugua kifua kikuu kilichomuua mwanzoni mwa 1923, akiwa na miaka 34. Miss Brill ni mwalimu mpweke katika mji wa Ufaransa. Kila Jumapili huvaa skafu yake ya manyoya, akaenda bustanini kusikiliza bendi na kutegea mazungumzo ya watu. Siku hiyo anapata wazo kwamba bustani yote ni jukwaa, kila mtu mwigizaji, na yeye mwenyewe ana nafasi yake katika mchezo. Kisha kijana na mpenzi wake wanamkejeli akiwa anasikia. Basi. Hakuna mtungi uliopasuka. Anarudi chumbani bila kupitia kwa mwoka mikate kununua keki anayojizawadia kila Jumapili. Katika hadithi zote ninazozijua za ndoto za mchana, sijaona nyingine inayouma hivi kwa kitu kidogo kama kipande cha keki.

Kisha akaja Walter Mitty. James Thurber, mzaliwa wa Columbus, Ohio, alipoteza jicho moja utotoni alipopigwa mshale na kaka yake mchezoni, na jicho la pili likawa linafifia mwaka hadi mwaka. Hadithi yake ilichapishwa katika jarida la The New Yorker tarehe 18 Machi 1939. Kinachotokea humo ni kidogo sana: mume anamwendesha mkewe mjini, mke anakwenda saluni, mume ananunua kalochi za kuvalia juu ya viatu na biskuti za mbwa, wanakutana tena. Katikati ya shughuli hizo Mitty anakuwa kamanda wa ndege ya jeshi la majini katika dhoruba, daktari bingwa wa upasuaji, mshtakiwa mahakamani, rubani wa vita, na mwishowe mtu aliyesimama mbele ya kikosi cha kumpiga risasi.

Ufundi wa Thurber uko kwenye milango. Kila ndoto inafunguliwa na kitu halisi na kufungwa na kitu halisi. Akipita karibu na hospitali anakuwa daktari, na sauti ya mhudumu wa maegesho ya magari au ya mkewe inamrudisha duniani. Mahakamani anampiga ngumi mwendesha mashtaka na kumwita mbwa, na neno hilo ndilo linalomkumbusha biskuti alizotumwa. Ngumi ipo, kama teke la Brahmini na la Alinacha. Tofauti ni kwamba haivunji kitu. Mitty hana mtaji wa kupoteza, hana kapu wala unga. Ngano za kale ziliona hatari ya ndoto kuharibu maisha. Thurber aliona maisha yaliyokwisha kupungua kiasi kwamba hata ndoto haiwezi kuyaharibu, na akaifanya hali hiyo ichekeshe.

Kama Alinacha, Mitty aligeuka neno na kuingia katika kamusi za Kiingereza. Na kama Alinacha, alianza kutumiwa kuwadharau watu. Agosti 2003 msemaji wa Waziri Mkuu wa Uingereza alilazimika kuomba radhi hadharani kwa kumfananisha na Mitty David Kelly, mtaalamu wa silaha aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia katikati ya mzozo wa vita vya Iraki.

Sinema nazo zilimtendea Mitty vibaya kwa namna yake. Ile ya mwaka 1947, iliyochezwa na Danny Kaye, inamtumbukiza katika njama za kweli za majambazi. Thurber hakuificha chuki yake. Ile ya 2013 ya Ben Stiller inampeleka Greenland, Iceland na milima ya Himalaya. Hollywood haikuweza kumvumilia mtu anayeota na kubaki alipo, ikambebesha tiketi ya ndege. Zote mbili zinapendeza kutazama, na zote mbili zimeikana hadithi.

Huku kwetu ipo hadithi inayostahili kusomwa kando ya hizi, nayo ni “Ndoto ya Mashaka” ya Ali Abdulla Ali, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine uliotahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya kwa miaka kadhaa. Mashaka ni yatima aliyelelewa na Biti Kidebe, mkazi wa Tandale, aliyeondokewa na mkewe Waridi pamoja na watoto. Kwa hesabu za Freud ana kila sababu ya kuota jumba na farasi. Haoti hivyo. Anaota maandamano, maskini wenzake wakidai haki yao. Katika waotaji wote niliowataja hapa, ni yeye tu ambaye ndotoni anasimama pamoja na wenzake dhidi ya walio juu.

Walimu wa fasihi, msimulieni mwanafunzi kisa cha Alinacha kabla hajaanza kumchambua Mashaka, na msimulieni chote. Wengi huishia kwenye vigae. Katika Alfu Lela Ulela hadithi inaendelea: watu wanaokwenda kusali Ijumaa wanampita Alinacha akilia, wengine wanamcheka, hadi bibi mmoja tajiri aliyepanda nyumbu anauliza kilichomsibu, na kuamuru apewe dinari 500.