Jina la Zimbabwe lilitunza ukweli uliokanwa na wasomi

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha isimu historia, huwauliza wanafunzi swali moja: Nani aliyeujenga mji wa kale wa Gedi, kule Kilifi? Wengi hujibu bila kusita, "Waarabu." Nikiwauliza wamejuaje, hutazamana. Mmoja atasema alisoma kitabuni. Mwingine atasema aliambiwa na mtembezi wa watalii walipokwenda ziara ya shule. Wa tatu, aliye mkweli kuliko wenzake, atasema: "Mwalimu, ni mawe. Sisi tulijenga kwa udongo."

Jibu hilo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Siwalaumu vijana. Hata James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu hayo katika miaka ya 1940, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 The Arab City of Gedi, yaani mji wa Kiarabu. Iwapo mtaalamu aliandika hivyo kwenye jalada, mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeamini nini?

Leo basi nawaalika tusafiri kusini, mbali kidogo na pwani yetu, hadi mahali ambapo ugomvi huu wa "nani alijenga" ulidumu kwa karibu miaka mia moja. Katika ugomvi huo wanaakiolojia walisikizwa, wanasiasa wakasikizwa, hata wawindaji wakasikizwa. Shahidi mmoja tu ndiye hakuulizwa ipasavyo. Shahidi huyo ni jina la mahali penyewe. Nazungumzia Zimbabwe Kuu, magofu yaliyo karibu na mji wa Masvingo, nchini Zimbabwe.

Kwanza tupatazame. Eneo lote lina ukubwa wa takriban hekta 800. Kuna kilima chenye kuta zilizojengwa katikati ya majabali makubwa. Chini yake, bondeni, kuna ua mkubwa wa duara ambao ukuta wake wa nje una mzingo wa takriban mita 250 na kimo kinachofikia mita 11. Mahali pengine unene wake hufikia mita tano. Ndani ya ua huo umo mnara wa mawe wenye umbo la pia, ambao kimo chake hukaribia mita 10. Mnara huo hauna chumba ndani, ni mawe matupu. Kuta hizi zote zimepangwa jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala chokaa.

Mawe hayo ni ya graniti, na yalitoka papo hapo. Jabali la graniti likipigwa na jua mchana na baridi usiku hubanduka matabaka, mfano wa maganda ya kitunguu. Mafundi waliijua tabia hiyo wakaiharakisha kwa moto na maji. Wakapata vipande bapa vinavyopangika kama matofali. Ndani ya kuta hizo watu waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliyetenganisha mawe na udongo alikosea, kwani Zimbabwe Kuu ilijengwa kwa vyote viwili. Ukuta ulikuwa wa heshima na faragha, nyumba ilikuwa ya kulala.

Mji huu ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15. Utajiri wake ulitokana na ng'ombe na dhahabu. Dhahabu ilipelekwa hadi bandari ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na kutoka huko biashara yake ikawa mikononi mwa Waswahili wa Kilwa. Katika magofu hayo zilipatikana shanga za vioo, vyombo vya kauri kutoka China, na sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Msomaji wa Kiswahili anapozuru Zimbabwe Kuu haingii nyumba ya mgeni kabisa. Babu zake walifanya biashara na watu wa hapo.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mnamo Septemba 1871, Mjerumani Karl Mauch alifika hapo akiwa na ndoto ya kuupata mji wa Malkia wa Sheba. Alikata kibanzi cha boriti mlangoni, akakinusa, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana. Penseli ilikuwa ya mti wa mwerezi. Basi! Akahitimisha kwamba boriti ile ni mwerezi wa Lebanoni, na kwamba ililetwa na Wafoinike waliomjengea Malkia wa Sheba nakala ya jengo la Mfalme Suleimani. Historia ya taifa zima ikaning'inizwa kwenye harufu ya penseli. Lakini mti ule ulikuwa wa Kiafrika.

Ndoto hiyo iliwafaa waliokuja nyuma yake. Cecil Rhodes na kampuni yake walikuwa wakiinyakua nchi hiyo, na ingewafaa sana kusema kwamba watu weupe walikuwa huko zamani, hivyo wao wanarudi nyumbani tu. Kampuni ilimdhamini Theodore Bent, aliyefukua mwaka 1891 na kuandika kwamba wajenzi walitoka Uarabuni au kaskazini zaidi. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni nyingine ya kuchimba dhahabu katika magofu nchini humo. Naam, leseni ya kupora makaburi! Kisha mwandishi wa magazeti, Richard Hall, akawekwa kuwa mtunzaji wa Zimbabwe Kuu kuanzia mwaka 1902. Huyu alizoa matabaka ya udongo yaliyokuwa na vigae na mabaki ya makao, eti anaondoa uchafu wa Waafrika ili wajenzi "halisi" waonekane. Alichokitupa ndicho kilichokuwa ushahidi.

Wataalamu wa kweli hawakuchelewa kusema. David Randall-MacIver alichunguza magofu hayo mwaka 1905 na kuamua kwamba ni kazi ya Waafrika wa zama za kati. Gertrude Caton-Thompson alifukua upya mwaka 1929 akafikia uamuzi uo huo kwa ushahidi mwingi zaidi. Vigae vilivyokuwa chini ya kuta vilikuwa vya watu wa nchi hiyo. Lakini ukweli huo haukuwapendeza watawala. Baada ya serikali ya walowezi kujitangazia uhuru mwaka 1965, waandishi wa vitabu vya mwongozo kwa watalii walishinikizwa wasiseme waziwazi kwamba Waafrika ndio wajenzi. Mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa makumbusho ya kale, alilazimika kuihama nchi mwaka 1970.

Hapo ndipo ninapotaka tumwite shahidi wetu. Jina Zimbabwe huelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema limetokana na maneno ya Kishona dzimba dza mabwe. Msomaji, hebu yasome kwa sauti. Dzimba ni nyumba. Mabwe ni mawe. "Nyumba za mawe"! Wapo wanaosema asili yake ni dzimbahwe, yaani nyumba tukufu, makao ya mtawala. Vyovyote iwavyo, maelezo yote mawili yanatupeleka kwenye neno moja la Kibantu, imba, ambalo kwa wingi huwa dzimba. Halihitaji Wafoinike kulifafanua.

Kuna atakayeniuliza: Je, wewe nawe hufanyi alivyofanya Mauch? Yeye alinusa penseli, wewe unanusa maneno. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Isimu historia haitosheki na mfanano wa neno moja. Hutafuta mfanano unaojirudia kwa utaratibu. Mshona husema mvura, nasi twasema mvua. Husema nzira, nasi twasema njia. Pale anapotamka r, sisi tumeiacha sauti hiyo njiani, si katika neno moja bali katika msururu wa maneno. Husema munhu na vanhu, nasi twasema mtu na watu. Kwa mabwe, yeye ameitunza b, sisi tumebaki na mawe. Mnyarwanda naye, aliye mbali na wote wawili, husema amabuye, na b yake ipo. Huo ndio utaratibu.

Na utaratibu huo huo ndio unaotuonya. Ule ua mkubwa wa bondeni huitwa Imba Huru. Mswahili mwenye haraka atadhani ni "nyumba huru", mahali pa watu waliojikomboa. Sivyo. Huru ya Kishona ina maana ya ukubwa. Huru yetu tumeikopa kutoka Kiarabu. Yamekutana sura tu, kama watu wawili wanaofanana sokoni bila udugu. Mauch angeapa ni ndugu.

Hata hivyo, kuna hoja kali zaidi. Jina la mahali si lazima liwe la aliyepajenga. Nairobi ni neno la Kimaasai linalohusu ubaridi wa maji, lakini si Wamaasai walioujenga mji. Kwa nini Washona wasiwe waliyakuta magofu yaliyojengwa na wengine, wakayaita "nyumba za mawe"? Hivyo ndivyo walivyojitetea wafuasi wa Mauch.

Jibu limo katika matumizi ya neno lenyewe. Mwaka 1552, zaidi ya miaka 300 kabla ya Mauch, Mreno João de Barros aliandika habari za ngome ya mawe yaliyojengwa bila chokaa katika nchi ya dhahabu nyuma ya Sofala. Hakufika huko, aliandika aliyoyasikia, na humo mna uvumi mwingi. Lakini alisema kwamba wenyeji huita jengo hilo Symbaoe, na kwamba neno hilo kwao lina maana ya makao ya mfalme. Wareno waliomfuata waliliandika neno hilo hilo kwa makao ya Mwene Mutapa, mtawala aliyekuwa hai wakati huo, aliye mbali kaskazini mwa Zimbabwe Kuu. Tena magofu ya aina hii si moja wala mawili, yapo zaidi ya 200 katika nyanda hizo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba zimbabwe lilikuwa nomino ya kawaida kabla ya kuwa nomino ya pekee. Halikuwa jina la gofu lililookotwa porini. Lilikuwa neno la taasisi, kama tunavyosema ikulu. Watu hawabuni neno la ikulu kwa ajili ya kitu wasichokuwa nacho. Nairobi haikuwahi kuwa neno la Kimaasai lenye maana ya "jiji". Tofauti ni hiyo. Nakiri kwamba jina pekee halitoshi kumaliza kesi. Jina ni shahidi, si hakimu. Lakini shahidi huyu aliposimama pamoja na vigae vya Caton-Thompson, kesi ilikwisha. Ni masikio ya waliosikiza ndiyo yaliyokuwa na tatizo.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ililiacha jina la Rhodes na kujiita kwa neno hilo la kale. Ndege waliochongwa kwa jiwe laini, mfano wa lile linalochongwa Tabaka kule Kisii, walikuwa wameng'olewa kutoka Zimbabwe Kuu na kutawanywa. Rhodes mwenyewe alimnunua mmoja. Mwaka 1981 Afrika Kusini iliwarejesha kadhaa kwa kubadilishana na mkusanyo wa wadudu wa jamii ya nyuki na nyigu. Ujerumani ikarejesha sehemu ya ndege mwingine mwaka 2003. Ndege huyo yumo katika bendera ya taifa hilo. Magofu yenyewe yaliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 1986.

Nasi tumo katika orodha hiyo. Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, iliingizwa mwaka 2018. Kuta zake nazo zimepangwa bila chokaa, na jina lake la Kijaluo bado linafahamika kwa mwenyeji yeyote. Gedi ikafuata mwaka 2024. Watafiti waliomfuata Kirkman, miongoni mwao Wakenya kama Chapurukha Kusimba na George Abungu, wameonyesha kwamba miji ya mawe ya pwani ilikua kutoka kwa jamii za papa hapa, bila kukana watu na mawazo yaliyovuka bahari. Swali ni iwapo habari hizo zimemfikia mtembezi wa watalii, na iwapo zimemfikia mwalimu anayepanga ziara ya shule.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kuzuru mahali pa kale, pawe Gedi, Kilwa au Zimbabwe Kuu, usianze kwa kuuliza "nani alijenga?" Anza kwa kuuliza: "Wenyeji hupaitaje, na neno hilo hulitumia kwa mambo gani mengine?" Swali hilo la pili halilipiwi tikiti. Na mwanafunzi wangu wa mwaka ujao akiniambia tena kwamba sisi tulijenga kwa udongo, nitamwomba aniambie kwanza nyumba na mawe huitwaje kwa Kishona.