Mistari 27.000 Kwa Mara Moja

Wandugu, kitu kikiwa kizuri na cha bure, kwa nini watu wakikatae? Historia moja ya Linux inajibu swali hilo vizuri.

Diski nyingi zenye tunabeba na TFC zetu ndani zimepangwa kwa NTFS, namna ya kupanga mafaili yenye Microsoft ilileta na Windows NT mwaka 1993. Draiva ya zamani ya Linux, ndani ya kerneli, ni kusema moyo wa mfumo, ilikuwa inasoma diski hizo lakini kuandika ilikuwa kidogo sana. Watu wakatumia NTFS-3G, yenye kufanya kazi inje ya kerneli. Ile inaandika, ila polepole.

Mwezi wa 8 mwaka 2020, kampuni Paragon, yenye ilikuwa inauzisha draiva yake, ikaitoa bure: mistari karibu 27.000, yote kipande kimoja. Ungefikiri watapiga vigelegele. Wakaguzi wakasema: hatuwezi kusoma mzigo kama huu, ukateni vipande.

Mimi nawapa haki. Programu ya kawaida ikianguka, mara nyingi inaanguka peke yake. Kosa ndani ya kerneli linaweza kuangusha mashine nzima. Na kwa draiva ya mafaili kuna baya zaidi: mashine inaendelea kutembea kama kawaida, kumbe mafaili yanaoza kimya kimya, na wewe utajua siku ya kufungua TFC. Ndiyo maana mkaguzi anasoma mstari kwa mstari. Namba imetoka ku diski: umeichunguza ao umeiamini tu? Kazi ikishindwa katikati, kumbukumbu yenye ulishika unairudisha?

Konstantin Komarov wa Paragon akaleta toleo la 2, la 3, la 10, mpaka la 27. (Na wewe ulimkasirikia direkta wako juu alikurudishia kazi mara tatu!) Mwezi wa 9 mwaka 2021 Linus Torvalds akaipokea, huku akigombeza namna ilitumwa, juu alitaka saini ya kuthibitisha kweli imetoka kwa mwenyewe. Ikatoka na Linux 5.15, tarehe 31 mwezi wa 10.

Wengi wanaishia hapo. Kwangu, sehemu ya maana inaanza hapo. Mwaka 2022 marekebisho yakakauka kwa miezi, na mmoja wa wenye kusaidia akauliza mbele ya wote kama draiva imekuwa yatima. Matoleo yote 27 yalichunguza kazi. Hakuna hata moja lingeweza kuchunguza kama mwenye kazi atabaki. Na kampuni ikitoa kitu bure, hakuna mkataba wa kuilazimisha ikae.

Paragon ikajibu, marekebisho yakarudi. Mwaka 2024, na Linux 6.9, draiva ya zamani ikaondolewa, na ile ya Paragon ikabaki peke yake ndani ya kerneli kwa kazi hiyo.